Fahamu: New Bagan, mji mdogo jirani na maelfu ya mahekalu

New Bagan ni mji mdogo katikati ya Myanmar, kando ya mto Ayeyarwady. Uko kusini mwa Old Bagan, penye magofu ya mji mkuu wa ufalme wa kale wa Wabudha.

Ulianzaje?

Mwaka 1990, serikali ya kijeshi iliwahamisha wakazi wa Old Bagan waliokuwa wakiishi katikati ya magofu. New Bagan ndiko walikopelekwa.

Nani alijenga mahekalu?

Mfalme Anawrahta wa ufalme huo wa kale, aliyetawala kuanzia 1044, aliupa nguvu Ubudha wa Theravada. Hadi karne ya 13, wafalme na matajiri walishindana kujenga kwa matofali ya kuchoma, wakiamini kazi hiyo huleta thawabu. Leo yamebaki majengo na magofu zaidi ya 3,500.

Yanakabiliwa na nini?

Eneo hili hukumbwa na matetemeko ya ardhi. La mwaka 1975 liliharibu mengi, na la Agosti 2016 likaharibu mamia. Ukarabati wa miaka ya 1990 nao ulikosolewa na wataalamu kwa kutumia vifaa vya kisasa na kubuni sehemu zisizojulikana zilivyokuwa.

Kwa nini ni muhimu?

UNESCO iliingiza eneo la Bagan katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2019. Mahekalu mengi bado ni mahali pa ibada, na wakazi wengi hutegemea utalii: hoteli, usafiri na uuzaji wa vyombo vya mianzi vilivyopakwa utomvu unaong'aa.