Mzazi Naye Anahitaji Kulelewa

Mtoto anapozaliwa salama nyumba hujaa wageni. Mmoja anampakata mtoto, mwingine anauliza jina, wa tatu anachunguza anafanana na nani. Ni mara chache tunamsikia mtu akiuliza, "Na wewe mama, damu imepungua? Kidonda kinaendeleaje?" Kwa mama aliyevuja damu nyingi, aliyepatwa na kifafa cha mimba au aliyejifungua kwa upasuaji, swali hilo laweza kuokoa maisha.

Tunamshukuru Mungu kwamba hali si kama zamani. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama 556 kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Maana yake ni kwamba akina mama wengi waliokuwa wakifia leba sasa wanarudi nyumbani. Je, tunawapokeaje?

SIKU AROBAINI

Katika Mambo ya Walawi sura ya 12, mama aliyezaa mtoto wa kiume aliwekewa siku 40 kabla ya kwenda hekaluni, na aliyezaa wa kike siku 80. Mariamu mama wa Yesu naye alizingatia sheria hiyo, kama anavyosimulia Luka. Sisi hatuko chini ya torati, lakini tunajifunza kuwa mzazi hakutazamiwa kurudi haraka katika shughuli zake. Hata waganga wa leo huhesabu siku 42 baada ya kujifungua kuwa kipindi cha kumwangalia mama kwa makini.

Hapa Sirari wengi wetu ni wakulima na wafanyabiashara wadogo. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Mama anayeuza ndizi sokoni au anayelima mahindi hana mwajiri wa kumpa siku hizo. Likizo yake inatoka kwa mume, mama mkwe, wifi na majirani. Wasipompa wao, hana.

ALIYEPUNGUKIWA DAMU

Mama aliyevuja damu huchoka upesi, huona kizunguzungu anaposimama, na moyo humwenda mbio. Tusimwite mvivu. Ameze vidonge vya madini ya chuma kama alivyoelekezwa, hata akijisikia nafuu. Chakula chake kiwe na dagaa, maini, nyama, maharage, mchicha na mgagani, pamoja na chungwa au limau kidogo ili mwili uyapokee vizuri madini hayo. Chai ya rangi inywewe mbali na chakula na vidonge, kwa sababu huzuia madini ya chuma. Uji wa ulezi ni mzuri, lakini usiwe ndio mlo wake peke yake.

ALIYEPASULIWA

Mzazi aliyepasuliwa ana jeraha lililopita katika ngozi, nyama na mfuko wa uzazi. Kwa wiki sita za mwanzo asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo ya maji, mzigo wa kuni na mtwangio vingoje. Hata hivyo asilale kitandani kutwa nzima, maana kutembea taratibu huzuia damu kuganda miguuni. Akitaka kukohoa au kucheka, akandamize mto juu ya kidonda. Kunyonyesha akiwa amelala ubavu humpunguzia maumivu.

Tuna desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Mama mwenye mshono asikandwe tumbo, kwani maji hayo yanaweza kumwunguza na kuharibu kidonda. Wala kidonda kisipakwe majivu au dawa za majani. Kiwe kisafi na kikavu, basi. Na kabla ya mimba nyingine, apumzike walau miaka miwili.

MTOTO NAYE

Kichanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, mchana na usiku. Apewe maziwa ya kwanza yale ya njano, yasikamuliwe na kumwagwa. Kwa miezi sita hahitaji maji wala uji. Mama aliyetenganishwa na mtoto hospitalini asikate tamaa maziwa yakichelewa. Amweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na amnyonyeshe mara kwa mara, kwani kunyonya ndiko kunakoleta maziwa. Mtoto anapolala, mama naye alale. Vyombo viachiwe mtu mwingine.

TUSINGOJE KESHO

Mzazi apelekwe kituo cha afya mara moja akiona lolote kati ya haya: damu nyingi inayolowesha kitambaa upesi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, usaha kwenye mshono, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata baada ya kujifungua. Mtoto apelekwe akikataa kunyonya, akipumua haraka, akiwa wa moto au wa baridi kupita kawaida, akipata degedege, au kitovu kikiwa chekundu na kutoa usaha.

Mama anayevuja mkojo baada ya uchungu wa muda mrefu asijifiche ndani. Hiyo ni fistula, nayo inatibika. Akiwahi, pengine kidonda kidogo kitaziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu. Hospitali ya Bugando kule Mwanza na CCBRT ya Dar es Salaam zimewatibu wengi.

Kuna jambo jingine tusilolifumbia macho sisi wa Tarime na Serengeti. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti wa akina mama zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliokeketwa walionekana kupata zaidi upasuaji na kuvuja damu, na kufiwa na watoto wachanga. Tunapomwuguza mzazi leo, tuwakumbuke binti zetu ambao zamu yao inakuja.

MZIGO WA MOYONI

Siku za mwanzo mzazi anaweza kulia bila sababu, na kwa kawaida hali hiyo hupita. Ikizidi wiki mbili, au akiona hamtaki mtoto, au akitamani kufa, huo ni ugonjwa. Si ukosefu wa imani. Tumwombee, na tumpeleke hospitali.

Mzito zaidi ni mzigo wa mama aliyeondolewa mfuko wa uzazi ili asife. Kwetu, ng'ombe wametolewa na ukoo unangoja watoto. Mama huyu anaogopa kusikia kuwa mume anatafuta mwingine. Baba mpendwa, ukiusoma ukurasa huu, mke wako hakukunyima watoto. Alikuwa mlangoni mwa kaburi, akarudi. Mwambie kwa kinywa chako kwamba unamshukuru Mungu kwa kumpata tena. Asilisikie kwa watu wengine.

WAJIBU WETU

Kitabu cha Ruthu kinamalizika na Naomi akimpakata mtoto wa mkwewe na kuwa mlezi wake. Mama mkwe, hiyo ni kazi yako. Nasi katika umoja wa akina mama, tugawane zamu kwa wiki sita: huyu achote maji, yule apike, mwingine afue nepi, mwingine amsindikize kliniki siku ya saba, ya 28 na ya 42. Tukienda kumwona mzazi tusikae hadi jioni tukingoja kuandaliwa chai. Twende na kuni, tuoshe vyombo, tuombe naye, kisha tumwache alale.