Mabano ya Hiari na Utata wa Amri katika Lugha ya Perl

Utata wa kimuundo si jambo geni kwa mwanaisimu. Katika kirai "mtoto wa jirani mgonjwa", haibainiki ni nani anayeugua, kwa kuwa nomino zote mbili zimo katika ngeli ya A-WA. Kinyume chake, "kitabu cha mwanafunzi kipya" na "kitabu cha mwanafunzi mpya" havitatanishi: kiambishi cha upatanisho hukifunga kivumishi kwenye nomino yake.

Lugha za programu hazina ngeli. Kazi hiyo hutekelezwa na mabano. Hata hivyo, Perl, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1987 na Larry Wall, ambaye aliwahi kusomea isimu, humruhusu mwandishi wa programu kuacha mabano yanayozingira vijalizo vya amri. Uhuru huu huifanya amri isomeke kama sentensi, lakini una mitego miwili.

Mtego wa kwanza hutokana na mabano yaliyopo. Mfano ni huu:

print (2 + 3) * 4;

Msomaji hutarajia 20, ilhali tarakilishi huandika 5. Perl huyachukulia mabano yanayofuata jina la amri kuwa mipaka ya vijalizo vyake, hata pakiwapo nafasi kati yake. Kuzidisha hufanyika baada ya kuandika, na jibu lake hupotea. Sharti mabano ya nje yaongezwe:

print((2 + 3) * 4);

Mtego wa pili hutokana na mabano yasiyokuwapo:

open FAILI, $jina || die "Haifunguki";

Amri "die" imekusudiwa kuisimamisha programu iwapo faili haifunguki. Lakini alama "||", yenye maana ya "au", hushikamana na "$jina" pekee badala ya amri nzima. Maadamu "$jina" lina thamani, "die" haifikiwi kamwe. Ikiwa faili hiyo ni ya alama za mtihani, programu huendelea kana kwamba mambo ni shwari, na ripoti hutoka tupu. Dawa ni kuvizingira vijalizo kwa mabano, au kutumia "or", ambayo mshikamano wake ni hafifu zaidi:

open(FAILI, $jina) or die "Haifunguki";

Kwa hiyo, hiari ya kuacha mabano haiondoi mipaka ya vijalizo. Huiachia tarakilishi jukumu la kuikata. Msikilizaji anayetatizwa na "mtoto wa jirani mgonjwa" huweza kuuliza. Tarakilishi haiulizi: huchagua fasiri moja kwa kanuni zake, ikaitekeleza.