Nywele Si Kioo cha Moyo

Pana desturi iliyoenea mijini na mashambani, nayo ni ya kumpima mtu kwa kichwa chake kabla hajafungua kinywa. Aliyenyoa kipara huitwa mkali. Aliyefuga nywele ndefu huitwa mhuni. Mwanamke aliyesuka mtindo mpya huitwa mwenye maringo. Na yule ambaye hakuchana nywele asubuhi huambiwa amekata tamaa ya dunia. Hukumu hizi zikitolewa kwa mzaha barazani hazina madhara makubwa. Lakini zikitolewa na mwenye kuandika watu kazi, au na mwalimu mkuu, au na askari, zaweza kumnyima mtu riziki, elimu, hata uhuru wake. Ndiyo sababu twaona yafaa kulitazama jambo hili kwa makini.

Hatusemi kwamba nywele hazina habari. Zinayo. Msuko uitwao twende kilioni ni mistari michache minene, isukwayo upesi bila mapambo, na jina lake latosha kueleza. Morani wa Kimasai hufuga nywele na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, kisha hunyolewa na mama yake katika sherehe ya eunoto, anapoacha ujana wa vita. Hapo nywele zatangaza msiba au rika, kwa kuwa watu wa jamii ile wamekubaliana juu ya maana yake. Hazitangazi kama mfiwa ni mkarimu au mchoyo, wala kama morani ni shujaa au mwoga. Hali ya mtu ni jambo moja. Tabia yake ni jambo lingine.

Wako waliotaka kuigeuza desturi hii kuwa elimu. Mwaka 1876 daktari wa Kiitalia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kwamba mhalifu wa kuzaliwa hutambulikana kwa maumbile yake, nywele zikiwamo. Mwaka 1913 Charles Goring wa Uingereza alitangaza matokeo ya kuwapima wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na watu wengine. Umbo hilo la mhalifu hakuliona.

Hata hivyo dhuluma haikungoja ushahidi. Afrika Kusini, baada ya sheria ya mwaka 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi, maofisa walikuwa wakichomeka penseli katika nywele za mtu. Ikianguka, huyo aliweza kuhesabiwa mzungu. Ikinasa, alihesabiwa chotara. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa hivyo. Sheria ile ilifutwa mwaka 1991, lakini mwaka 2016 wanafunzi wa shule moja ya wasichana ya Pretoria walilazimika kuandamana, kwa kuwa nywele zao za Kiafrika, jinsi zinavyoota, zilihesabiwa kuwa ni uchafu.

Jirani zetu wa Kenya nao wana ushahidi. Misokoto ya Dedan Kimathi na wenzake wa Mau Mau ilionyeshwa na wakoloni kuwa alama ya ushenzi. Ukweli ni kwamba msituni hapakuwa na kinyozi. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana katika msitu ule, alizifuga nywele zake mpaka Aprili 2022, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Kile ambacho mkoloni alikisoma kuwa unyama, kwake kilikuwa kumbukumbu ya uhuru.

Wala nchi huru hazikusalimika. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya mawigi pamoja na sketi fupi, na wanawake wakabughudhiwa barabarani Dar es Salaam. Kusudi lilikuwa kulinda utamaduni. Lakini wigi halikuweza kusema kama aliyelivaa alikuwa mvivu au mchapa kazi.

Huenda msomaji akauliza: Je, kazini pasiwe na amri yoyote juu ya nywele? Hapana, iwepo pale inapohitajika. Fundi wa mashine hana budi kufunga nywele zake zisinaswe na gurudumu. Mpishi na mwoka mikate hana budi kuzifunika. Amri hizo zalinda uhai na chakula, na zawapasa wote sawasawa. Tunayoipinga ni amri isiyolinda kitu chochote ila chuki ya mwenye kuitoa.

Tena tukumbuke kwamba kusuka kwahitaji fedha na muda. Mama aliyetoka zamu ya usiku, akapanda basi alfajiri ili awahi kuwapikia watoto, huenda akaonekana na nywele timutimu. Mwenye haraka atasema huyu ni mzembe, kumbe ndiye aliyefanya kazi kuliko wote.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Kwa hiyo twawaasa ndugu wote wenye dhamana ya kuajiri, kufundisha na kulinda usalama: mtu akija mbele yenu, muulizeni anajua kazi gani, waulizeni waliofanya naye, kisha mpeni kazi mwone mikono yake. Kichwani mwake mtaona nywele tu.