Mzaha wa Chombo Kilichokwenda Mwezini

Sinema za kuchekesha ni za namna nyingi, lakini iko namna moja ambayo wenzangu wengi shuleni huitazama mpaka mwisho bila kujua wacheke wapi. Ni ile inayoigiza sinema nyingine kwa mzaha. Nataka kuieleza kwa mfano mmoja, nao ni Airplane II: The Sequel, iliyotolewa Marekani mwezi wa Desemba 1982. Wasomao Kifaransa wanaijua kwa jina lenye maana ya "Je, hatimaye yumo rubani ndani ya ndege?" Jina hilo lina upungufu kidogo, maana safari hii wanaosafiri hawamo katika ndege. Wamo katika chombo cha angani cha abiria, na safari yao ni ya mwezini.

Kwanza tujue asili yake. Mwaka 1957 ilitoka sinema ya hofu iitwayo Zero Hour! Ndani yake marubani wanakula samaki aliyeharibika, wanaugua wakiwa angani, na abiria mmoja aliyekuwa rubani wakati wa vita analazimika kuiteremsha ndege, naye moyo wake umejaa woga. Hakuna kichekesho hata kimoja. Baadaye vijana watatu, Jim Abrahams na ndugu wawili David na Jerry Zucker, walinunua haki ya hadithi hiyo, wakachukua maneno yake mengi vile vile yalivyo, na mwaka 1980 wakatoa Airplane! Waliwachagua wachezaji waliozoeleka kwa michezo mizito, watu wa nyuso kavu kama Peter Graves na Lloyd Bridges, wakawataka waseme upuuzi wote kana kwamba wako msibani. Sinema hiyo iligharimu kiasi cha dola 3,500,000 na kuingiza zaidi ya 80,000,000 huko Marekani peke yake. Basi kampuni ikataka ya pili. Wale watatu hawakushiriki. Kazi ya kuandika na kuongoza ilifanywa na Ken Finkleman.

Hadithi ya pili ni hii. Ted Striker, rubani wa majaribio, anajua kwamba chombo kipya kiitwacho Mayflower One kina kasoro. Anaposema hivyo anafikishwa mahakamani, kisha anafungiwa katika hospitali ya wenye wazimu. Anatoroka na kupanda chombo hicho hicho, kwa kuwa mchumba wake wa zamani, Elaine, yumo safarini. Huko juu nyaya zinagusana, kompyuta iitwayo ROK inashika madaraka, inawaondoa wakubwa wa chombo na kukielekeza kwenye jua. Yumo pia abiria mmoja mwenye bomu mkobani, anayetaka kufa ili mkewe alipwe fedha za bima. Striker analichukua bomu hilo na kuivunja kompyuta kwa kuilipua.

Aliyeiona 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 anacheka mara tu ROK inapoanza kusema, kwa sababu anaikumbuka kompyuta nyingine iliyowaasi mabwana wake kwa sauti ya upole. Asiyeiona anaona kompyuta mbovu tu. Hapo ndipo wengi wetu hupotea. Mzaha wa namna hii humtaka mtazamaji awe ameonja chakula halisi kabla ya kuonyeshwa cha bandia.

Kikwazo cha pili ni lugha. Sisi tunakaa Asiatique, mtaa ambao enzi za Wabelgiji ulitengwa kwa wafanya biashara kutoka Uhindi na Uarabuni, na mpaka leo Kiswahili ndicho kinachosikika dukani na barazani. Bibi yangu hajui Kiingereza, kwa hiyo sinema hii ilipoonyeshwa nyumbani mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kazi haikuwa nyepesi. Mkuu wa chombo anaitwa Oveur, jina linalosikika kama neno la Kiingereza ambalo marubani husema katika redio wakimaliza maneno yao, na neno hilo maana yake nyingine ni "juu ya". Wasaidizi wake ni Unger, linalokaribia "chini ya", na Dunn, linalosikika kama "imekwisha". Wanapoeleza nani alikuwa mkubwa wa nani jeshini, Mwingereza anaanguka kwa kicheko. Ukitafsiri neno kwa neno, bibi anakutazama kama mgonjwa.

Nikaona ni heri nitengeneze yangu. Nikamwambia: Bibi, huyu mkubwa anaitwa Kapteni Ngoja, na wasaidizi wake ni Twende na Bado. Watu wa mnara wanauliza kwa redio, "Nani anasema?" Anajibu, "Ngoja." Wanangoja. Wanauliza tena, "Je, tayari ni nani aliyeshika usukani?" "Bado." "Basi nani atashika?" "Twende!" Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Halafu akauliza, "Mbona wao hawacheki?" Nikamjibu kwamba wakicheka wao, sisi hatutacheka.

Kwa maoni yangu sinema hii ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Vichekesho vingi vimerudiwa, na kichekesho kilichorudiwa ni chai ya majani ya jana. Lakini jambo moja ndani yake lina uzito. Mwaka 1982 chombo cha Marekani cha kwenda angani na kurudi kilikuwa kigeni bado, maana Columbia ilisafiri mara ya kwanza Aprili 1981. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger ilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu 7, mmoja wao Christa McAuliffe, mwalimu wa shule. Uchunguzi ulionyesha kwamba jioni iliyotangulia mainjinia walionya kuwa pete za mpira zisingeziba vizuri katika baridi ile, na wakubwa wakaamua chombo kiruke. Nilipomsimulia bibi habari hiyo alisema, "Kumbe yule waliyemfunga na wazimu alikuwa kweli."

Liko na jingine. Anayecheza mkuu wa kituo cha mwezini ni William Shatner, aliyejulikana tangu 1966 kwa kuongoza chombo cha angani katika michezo ya televisheni ya Star Trek. Tarehe 13 Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka 90, alipanda chombo cha kweli huko Texas, akapita kimo cha kilomita 100, na safari yote ilichukua kiasi cha dakika 10. Aliposhuka hakufanya mzaha. Alilia.