Kipanga wa Msituni

Kipanga akishachukua kifaranga uani, hakuna anayetaka kusikia sifa zake. Hata hivyo tega sikio kidogo, maana huko Ulaya na Japani watu wamemfuga ndugu yake kwa mamia ya miaka ili awapatie kitoweo.

Huyo ni kipanga mkubwa wa misitu ya kaskazini. Jike ni mkubwa kuliko dume. Aweza kufika kilo moja na nusu hivi, na humkamata sungura. Mabawa yake ni mafupi na mkia ni mrefu, kwa hiyo hupinda katikati ya miti bila kugonga tawi. Kozi hushuka kutoka juu angani, mahali pa wazi. Kipanga huyu hujificha tawini, halafu hutoka ghafula, mbio fupi, basi. Wakubwa walijivunia kozi, lakini aliyetaka nyama alichukua kipanga. Huko Ulaya waliwahi kumwita ndege wa mpishi.

Utauliza, mbona akiachiwa hatoroki? Si mapenzi hayo! Mfugaji humpima kwenye mizani kila siku. Akishiba mno hukaa juu mtini akimtazama tu bwana wake. Akikonda mno hufa. Kazi yote iko hapo, katika gramu chache. Miguuni hufungwa kamba za ngozi na njuga, ili akiingia kichakani asikike.

Uingereza walimwua kwa bunduki na kukata misitu yake, hata kufikia mwisho wa karne ya 19 hakuwa akizaliana tena huko. Alirudi miaka ya 1960 na 1970, kwa ndege waliowatoroka wafugaji au walioachiwa makusudi.

Hapa kwetu tunaye kipanga mweusi mwenye kifua cheupe, wa jamii hiyo hiyo. Hujenga tundu hata katika mikaratusi. Chakula chake kikubwa ni njiwa na tetere, na wewe mwenye mtama unawajua tetere. Kwa hiyo usimtegee sumu. Mzoga wenye sumu huenda ukaliwa na mbwa wako kwanza. Vifaranga wadogo wafunikie tenga au wajengee banda la wavu, ukate na tawi kavu linalotazama ua, maana ndipo anapotua. Kumfuga usijaribu, sheria inataka kibali.

Tena kideri huua kuku wengi kuliko kipanga. Ukikuta kuku wamekufa wengi kwa mara moja bila alama ya kucha, usitazame mtini, mwite bwana mifugo.