Nasaba ya Akina Hemings: Daftari, Simulizi na Damu

Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Methali hii inaafiki kisa cha jamaa mbili za Virginia, Marekani, ambazo uhusiano wao ulibishaniwa kwa takriban miaka 200. Mnamo mwaka wa 1802, mwanahabari James Callender alichapisha madai kwamba Rais Thomas Jefferson alikuwa amezaa na Sally Hemings, mtumwa wake katika shamba la Monticello. Makala haya yanaeleza jinsi nasaba hiyo ilivyofuatiliwa na uzito uliopewa kila aina ya ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni maandishi. Jefferson aliweka daftari la shamba ambamo aliorodhesha watumwa na tarehe zao za kuzaliwa. Watoto wa Sally wamo, lakini jina la baba yao halimo. Hata hivyo, wanahistoria walipolinganisha tarehe hizo na kumbukumbu za safari za Jefferson, walibaini kuwa alikuwapo Monticello katika kipindi ambacho kila mimba ilitungwa. Aidha, watoto wote wanne waliofikia utu uzima walipata uhuru. Beverly na Harriet waliondoka mwaka wa 1822 bila kusakwa, ilhali Madison na Eston waliachwa huru kwa wasia wa Jefferson, aliyefariki mwaka wa 1826.

Ushahidi wa pili ni simulizi. Mnamo mwaka wa 1873, Madison Hemings alilieleza gazeti moja la Ohio kwamba Jefferson ndiye aliyekuwa baba yake. Alisimulia pia kuwa mama wa nyanyake alikuwa Mwafrika aliyezaa na nahodha Mwingereza aliyeitwa Hemings. Wajukuu halali wa Jefferson nao walidai kuwa wahusika walikuwa Peter na Samuel Carr, wana wa dada ya Jefferson. Kwa zaidi ya karne moja wanahistoria wengi waliyakubali maneno ya wajukuu hao na kuyapuuza ya Madison. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1997, mwanasheria Annette Gordon-Reed alionyesha kwamba simulizi hizo mbili hazikupimwa kwa mizani moja.

Ushahidi wa tatu ni vinasaba. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana wa kiume karibu bila kubadilika. Kwa kuwa Jefferson hakuacha mwana halali wa kiume, Daktari Eugene Foster alichukua damu ya wazawa wa Field Jefferson, amu yake. Matokeo yaliyochapishwa Novemba 1998 katika jarida la Nature yalionyesha kuwa kromosomu hiyo ililingana na ya mzawa wa Eston Hemings. Ile ya ukoo wa Carr haikulingana naye. Wazawa wa Thomas Woodson, ambao pia walirithi simulizi kwamba walitokana na Jefferson, hawakulingana na ukoo wa Jefferson.

Ifahamike kwamba kromosomu Y hutambulisha ukoo, si mtu mmoja. Randolph, ndugu ya Jefferson, alikuwa na kromosomu iyo hiyo. Kwa hivyo watafiti walilazimika kurejea kwenye daftari, safari na simulizi. Mnamo Januari 2000, kamati ya wakfu unaotunza Monticello iliamua kuwa yaelekea sana Jefferson alikuwa baba wa watoto wote wa Sally wanaojulikana, ingawa baadhi ya wasomi walipinga.

Kisa hiki kina funzo kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Maabara yalikanusha simulizi ya akina Woodson na ya wajukuu wa Jefferson, yakaiunga mkono ya Madison. Simulizi, basi, haifai kukubaliwa wala kukataliwa kwa sababu ya cheo cha msimulizi. Madison alifariki mwaka wa 1877, miaka 121 kabla ya neno lake kupata shahidi.