Sauti inakwama kwenye Linux? Soma hii kabla hujarudi Windows

Biti inacheza, msanii yupo mbele ya maiki, prodyuza anabonyeza kitufe chekundu. Mistari minne inaingia safi. Wa tano sauti inaanza kukwaruza, tk-tk-tk, kisha msanii anavua hedifoni na kusema anajisikia kwa kuchelewa, kama mtu anayeshindana na mwangwi wake.

Hapo ndipo wengi waliojaribu kutengeneza muziki kwenye Linux hukata tamaa. Kumbe mara nyingi mashine haina tatizo. Kuna namba moja tu haijawekwa sawa, au kuna programu nyingine imeikalia kadi ya sauti.

Kwa kijana anayerekodi wenzake chumbani huko Makuyuni, wilayani Korogwe (Makuyuni ya Tanga, si ile ya Monduli wanakopita watalii), suala hili linagusa mfuko. Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zinakuja na Windows 10, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa mfumo huo Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo ina masharti: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya kizazi cha nne, ambayo bado ina nguvu ya kutosha kupiga biti, inaachwa njiani.

Linux inaipa mashine hiyo maisha mapya, bure na kihalali. Neno "kihalali" lina uzito wake. FL Studio, programu inayopendwa sana na maprodyuza wa Bongo Fleva na singeli, huzunguka mitaani kwenye flashi ikiwa imekrakiwa, na nakala za namna hiyo ni njia rahisi ya kuingiza virusi. Tena inachekesha kidogo: mtu anadai hakimiliki ya ngoma yake huku ameitengeneza kwa programu ya wizi.

Na udogo wa chumba si kisingizio. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, singeli iliyopikwa kwenye studio ndogo ya Mburahati, Dar es Salaam. Muziki huo ukafika hadi kwenye majukwaa ya Ulaya.

Usifute kitu kwanza

Kosa linaloumiza kuliko yote hutokea kabla hata Linux haijawashwa. Faili la mradi wa FL Studio, lile lenye herufi .flp mwishoni, halifunguki kwenye Ardour wala LMMS. Anayefuta Windows leo kwa pupa, kesho anabaki na kazi za miaka mitatu alizozihifadhi vizuri kabisa na hawezi kuzifungua.

Kwa hiyo kila mradi wa maana ufunguliwe kwanza ukiwa bado Windows. Hakikisha kila chombo kina njia yake kwenye mikisa, kisha nenda kwenye kusafirisha faili la WAV na uweke tiki kwenye "Split mixer tracks". Kiki, bezi, kinanda na sauti vitatoka kila kimoja na faili lake, na faili hizo zinafunguka popote. Tempo iandikwe kwenye jina la folda, maana ukiisahau utakaa kuihesabu kwa mguu. Nakala ziwekwe sehemu mbili, na moja isiwe ndani ya mashine hiyohiyo.

Linux ipi, na bando kiasi gani?

Kwa mashine ya zamani, Linux Mint toleo la Xfce ni nyepesi na faili lake ni karibu GB 3. Ubuntu Studio inakuja na programu za muziki zikiwa tayari ndani, lakini faili lake ni kubwa zaidi, karibu mara mbili au kupita. Anayenunua bando kwa kupimapima anaweza kupakua mara moja mjini Korogwe na kuwagawia wenzake kwenye flashi. Hapa kugawiana si wizi, leseni yenyewe inaruhusu.

Kabla ya kuisimika, washa mashine kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows, chomeka intafesi ya sauti, fungua terminali na uandike:

arecord -l

Jina la kifaa likionekana, kimetambuliwa. Intafesi kama Behringer UMC22 na Focusrite Scarlett Solo hufuata kanuni ya kawaida ya USB, hivyo hazihitaji draiva ya kupakua. Jina lisipoonekana, badilisha waya na tundu la USB kwanza. Waya uliochoka umewapotezea watu siku nzima wakilaumu Linux.

Baada ya kusimika, programu za kuanzia zinaingia kwa amri moja:

sudo apt install ardour lmms pipewire-jack

LMMS ni ya kupanga biti, na aliyezoea FL Studio hatapotea sana. Ila kuna jambo halisemwi mapema: LMMS ya toleo la 1.2 hairekodi sauti kutoka kwenye maiki. Mtu anaweza kutafuta kitufe hicho hadi jioni. Kazi ya kuingiza sauti na kumiksi ni ya Ardour. Ukienda kwenye tovuti ya Ardour utaombwa pesa ili upate toleo lililo tayari, lakini lililomo kwenye hazina ya Mint ni la bure, hata kama huwa nyuma kidogo. Reaper nayo ina toleo la Linux. Unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Namba yenyewe: bafa

Kompyuta haipeleki sauti tone kwa tone. Inajaza ndoo, inaipeleka, inarudi kujaza nyingine. Ndoo hiyo ndiyo bafa. Ikiwa kubwa, prosesa inafanya kazi kwa raha lakini sauti inafika imechelewa. Ikiwa ndogo, sauti inafika haraka lakini prosesa inakimbia huku na huku, na ikichelewa safari moja tu unasikia "tk". Mafundi wa Linux wanaiita xrun.

Tuipigie hesabu. Kadi ikifanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ikiwa 1024, ndoo moja ni milisekunde 21 hivi. Sauti ya mwimbaji inaingia na kutoka, kwa hiyo anajisikia akiwa amechelewa milisekunde 42, na hapo bado hatujahesabu ucheleweshaji wa intafesi yenyewe.

Mwimbaji wa taarabu ya mwendo wa pole anaweza kuvumilia, kwa shida. Singeli haivumilii. Kwa tempo ya 250, pigo moja lina milisekunde 240, na robo ya pigo, pale MC anapomwaga maneno, ni milisekunde 60. Kuchelewa 42 ni kupoteza zaidi ya theluthi mbili ya nafasi hiyo. Msanii hajakosea. Anafuata sauti aliyoletewa, na imeletwa ikiwa imechelewa.

Bafa ikishushwa hadi 128, kwenda na kurudi ni milisekunde 5 na kidogo. Sasa mbona usiiache hapo siku zote? Kwa sababu wakati wa kumiksi, ngoma ikiwa na njia 30 na plagini kila kona, prosesa ya zamani haitaweza. Wakati wa kurekodi weka 128 au 256. Wakati wa kumiksi hakuna anayeimba, panda hadi 1024 au 2048. Kubadilisha hakugharimu kitu, ila wengi huweka namba moja na kuiacha mwaka mzima.

Kwenye Mint 22 na Ubuntu za karibuni, sauti inasimamiwa na PipeWire. Kuweka bafa ya 256 ni hivi:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256

Kurudisha hali ya mwanzo, andika 0 badala ya 256. Kisha Ardour ifunguliwe kwa amri ya pw-jack ardour, na kwenye dirisha la mipangilio ya sauti chagua JACK.

Utajuaje kama umeshusha kupita kiasi? Andika pw-top na uangalie safu ya ERR wakati msanii anaimba. Namba ikiongezeka, panda hatua moja. Ikiwa imetulia na bado unasikia mikwaruzo, tatizo si bafa. Angalia kitasa cha gaini kwenye intafesi, huenda maiki imefunguliwa mno na sauti inapasuka.

Kuna njia ya mkato ambayo haisemwi vya kutosha. Intafesi nyingi, hizo mbili zilizotajwa zikiwemo, zina kitufe cha "Direct Monitor". Ukikibonyeza, msanii anajisikia moja kwa moja kutoka kwenye intafesi kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, na ucheleweshaji unaisha. Hapo hata bafa ya 1024 haimsumbui. Kwenye Ardour zima usikilizaji wa njia hiyo, la sivyo atajisikia mara mbili. Hasara yake ni kwamba hatasikia ototyuni wakati anaimba, na wapo wasiokubali kurekodi bila hiyo.

Nani kaikalia kadi?

Malalamiko mengine makubwa: "Nikifungua Ardour, YouTube inakuwa kimya," au kinyume chake, Ardour inasema haiwezi kufungua kifaa. Sababu ni kwamba Ardour ikiwekwa kwenye ALSA inaishika kadi peke yake. Kujua nani kaishika, andika:

fuser -v /dev/snd/*

Dawa ni kupita ile njia ya JACK, PipeWire ibaki mgawaji na kila programu ipate sehemu yake. Kama kila kitu kimenyamaza, usiwashe mashine upya mbele ya mteja. Hii inatosha:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Bado kimya? Fungua alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi, tafuta palipoandikwa MM. Maana yake njia hiyo imefungwa, na herufi M inaifungua.

Na kama ngoma inacheza lakini sauti ya mwimbaji imekuwa nyembamba na biti inakimbia, angalia viwango. Mradi wa sampuli 44,100 ukichezwa kwenye kadi iliyo 48,000 unakwenda kasi kwa karibu asilimia 9, na ufunguo unapanda zaidi ya nusu toni. Ardour huonya mradi unapofunguliwa. Shida ni kwamba tunabonyeza "OK" bila kusoma.

Mengine ya haraka

Hedifoni za Bluetooth ziwekwe kando wakati wa kurekodi, ucheleweshaji wake mara nyingi unapita milisekunde 100 na hakuna bafa itakayouponya. Kwenye mipangilio ya umeme chagua utendaji wa juu, kisha zima Wi-Fi. Feni ipulizwe vumbi: prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe, na mchana wa Korogwe hauisaidii.

Plagini za Windows zinaweza kufanya kazi kupitia Wine na yabridge, lakini si zote. Zile zinazotegemea kufuli la iLok zitakusumbua bure. Hata FL Studio, ambayo haina toleo la Linux, wapo wanaoiendesha ndani ya Wine. Ila kwa mteja anayesubiri ngoma yake Jumamosi, hiyo ni kamari.

Halafu kuna umeme. Betri ya mtumba ikiwa imekufa, umeme ukikatika katikati ya ubeti mashine inazimika palepale. Ukiwasha tena na kufungua mradi, Ardour inaweza kuuliza kama unataka kurejesha kilichokuwa kinarekodiwa. Kubali, sikiliza kimefika wapi, hifadhi, kisha nakili folda nzima ya mradi kwenye flashi kabla msanii hajarudi kwenye maiki.